Tovuti Inapoanza Kujibu Maswali: Kuunganisha Mfumo wa Maudhui na Akili Unde

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na wasafiri wa Mwanza kwenda Sengerema na Geita wakaachana na foleni ya kivuko. Habari za kivuko zilizoandikwa kabla ya hapo hazikufutika zenyewe. Nauli, muda wa kungoja, ushauri wa kuwahi kabla giza halijaingia, vyote vilibaki pale vilipochapishwa. Mtu akikutana na ukurasa wa aina hiyo anatupia jicho tarehe, anaelewa kuwa mambo yamebadilika, anapita. Mashine ya kujibu maswali haioni tarehe usiyoipa. Itausoma ukurasa, itauamini, na itamweleza abiria wa leo, kwa Kiswahili kilichonyooka, habari za foleni ambayo haipo tena.

Wengi wanaotaka kuunganisha tovuti zao na akili unde huanza kwa kuuliza modeli ipi ni bora. Ni swali la haki, ila ni dogo. Linalonikosesha usingizi mimi ni jingine: tovuti hutunza maneno ya miaka yote, ilhali anayeuliza anataka hali ya leo. Kazi ya kuunganisha viwili hivi iko kwenye mpaka huo, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla modeli haijaguswa.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Mfumo wa kusimamia maudhui ni ile programu anayoingia mhariri ili kuandika, kupachika picha na kubonyeza kitufe cha kuchapisha. WordPress, iliyotoka 2003, ndiyo inayojulikana zaidi kwetu; kuna pia Drupal na Joomla. Upande wa pili kuna modeli kubwa ya lugha, yaani programu ya akili unde inayopokea swali na kuandika jibu, iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa hadi siku fulani, kisha mafunzo yakafungwa. Haijui nauli uliyoibadilisha Jumatatu. Unaweza kuifunza upya kwa maandishi yako, lakini ni gharama, na nauli ikipanda tena umerudi ulikoanzia.

Njia iliyoshika kasi ni nyingine. Mwaka 2020 Patrick Lewis na wenzake, wengi wao wakiwa kwenye maabara ya utafiti ya Facebook, walichapisha utafiti unaounganisha uchotaji wa maandishi na uandishi wa majibu. Swali linapoingia, mfumo kwanza unatafuta kwenye hazina yako vipande vichache vinavyolihusu. Vipande hivyo vinawekwa mbele ya modeli pamoja na swali, nayo inaandika jibu kutokana na ilichopewa. Ukibadilisha ukurasa, jibu linabadilika, na modeli yenyewe haijaguswa. Wazo lote ni hilo. Ugumu uko kwenye neno "vichache": ni vipi, na vimefikaje hapo?

Hatua ya kwanza ni kuyatoa maandishi kwenye mfumo wa maudhui, na hapo fundi mwenye haraka huingia moja kwa moja kwenye kanzidata, ghala ambamo tovuti hutunza data zake. Asifanye hivyo. Jedwali la wp_posts kwenye WordPress halina machapisho peke yake. Humo humo mna rasimu, mna yaliyotupwa, na mna nakala ya marekebisho ya chapisho kila linapohaririwa. Ukurasa wa nauli uliorekebishwa mara kumi unaweza kuwa na safu kumi na zaidi, zote zikiwa na kichwa kilekile na bei tofauti. Ukilivuta jedwali zima, umeilisha mashine nauli za tangu ofisi ifunguliwe.

Mlango ulio salama ni API, yaani njia rasmi ambayo programu moja hutumia kuiomba nyingine habari. WordPress imekuwa nayo tayari ndani yake tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, na Drupal iliingiza ile iitwayo JSON:API kwenye kiini katika toleo la 8.7 la 2019. Anayeomba bila nywila hupewa yaliyochapishwa tu, na hicho ndicho tunachotaka. WordPress hutoa hadi machapisho 100 kwa ombi moja, na inakubali kuombwa yaliyobadilika baada ya saa fulani pekee. Siku ya kwanza unavuta yote. Baada ya hapo unaomba mapya kila dakika kadhaa.

Kuna shimo hapo ambalo maelezo mengi ya mtandaoni huliruka. Ukiomba yaliyobadilika tangu jana, chapisho lililofutwa jana halitatajwa, kwa sababu limeshaondoka. Vipande vyake vitaendelea kukaa kwenye faharasa yako, yaani hazina ya vipande ambamo mfumo hutafuta, na kutoa majibu miezi mingi baada ya mhariri kudhani amekwisha kulifuta. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: plagini (programu ya nyongeza) ndogo inayotuma taarifa papo hapo chapisho linapofutwa au kurudishwa kuwa rasimu, na zoezi la kila usiku la kulinganisha namba za machapisho yaliyo hai na namba zilizo kwenye faharasa. Kisichoonekana kwenye tovuti kiondolewe. Zoezi la usiku lifanyike hata kama plagini inafanya kazi vizuri, maana umeme na mtandao wetu tunavijua, na taarifa moja ikipotea njiani hakuna atakayegundua.

Halafu kuna PDF. Matangazo mengi ya ofisi hupakiwa kama karatasi iliyopigwa skani, ikiwa na mhuri na sahihi. Kwa mashine hiyo ni picha tupu. Itabidi ipite kwenye programu ya kusoma maandishi ndani ya picha. Tesseract, ambayo ni ya bure, ina data ya Kiswahili. Inasoma maneno kwa kiwango cha kuridhisha, ila tarakimu zilizofunikwa na mhuri zihakikiwe na mtu. Heri zaidi kumshawishi mhariri aandike tangazo lenyewe kwenye ukurasa na PDF ibaki kiambatisho.

Maandishi yakishapatikana yanakatwa. Ukurasa mzima ni mrefu mno na una mambo mengi, kwa hiyo unagawanywa kuwa vipande vya maneno mia mbili hadi mia nne hivi, kwa kufuata vichwa vidogo na aya. Ukataji wa kufuata idadi ya herufi bila kujali mipaka huharibu majedwali kuliko kitu kingine chochote. Fikiria jedwali la nauli za meli: safu ya juu ina majina ya madaraja, safu za chini zina Bukoba, Nansio na kwingineko. Kisu kikipita katikati, kipande cha pili kinabaki na tarakimu zisizojulikana ni za nini, na modeli, ikilazimika kujibu, itazibandika popote. Jedwali lisikatwe, au kila safu igeuzwe kuwa sentensi kamili yenye jina la safari, daraja na bei. Na kila kipande, kiwe cha jedwali au cha aya, kibebe juu yake kichwa cha ukurasa kilikotoka, tarehe na kiungo. Sentensi "Watoto chini ya umri huo hawalipi" haina maana yoyote ikisimama peke yake.

Sasa kutafuta. Utafutaji wa kawaida hulinganisha herufi, na hapa Kiswahili kinauadhibu vikali. Kitenzi chetu hubadilika mwanzoni: kuvuka, tutavuka, kinavuka, mliovuka. Kisanduku cha utafutaji cha WordPress hutafuta neno kama lilivyoandikwa, kwa hiyo aliyeandika "kuvuka" hataletewa ukurasa unaosema "kivuko kinavuka kila saa". PostgreSQL, programu ya kanzidata, ina kamusi za kupunguza maneno hadi mzizi kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Ukiyapitisha maandishi yako kwenye kamusi ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo iliyowekwa mwanzo, itakata miisho ya maneno ambayo kwetu si miisho.

Vekta, yaani orodha za namba zinazowakilisha maana ya maandishi, zimekuja kuponya sehemu ya ugonjwa huu. Mwanza iko karibu na nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki, na ukizilinganisha namba hizo mbili na za miji mingine zinatosha kukuonyesha kuwa iko jirani na Magu na mbali na Bukoba bila kutazama majina yao. Modeli ya vekta inafanya vivyo hivyo kwa maana ya sentensi, ila inahitaji namba nyingi zaidi: LaBSE ya Google, iliyotoka 2020 ikiwa na lugha 109 zikiwemo Kiswahili, hutoa namba 768 kwa kila kipande, BGE-M3 ya 2024 hutoa 1,024. Swali nalo hugeuzwa kuwa namba, kisha mfumo unatazama vipande vipi viko karibu nalo. "Nitafikaje ng'ambo ya Busisi na gari langu?" litaangukia karibu na kipande cha daraja hata kama hakuna neno linalofanana. Pia litatenganisha daraja la kuvukia na daraja la kwanza la melini, jambo lisilowezekana kwa utafutaji wa herufi. Kuhifadhi namba hizi si lazima ununue mfumo mpya. Nyongeza ya pgvector inaiwezesha PostgreSQL kufanya kazi hiyo, na kwa tovuti ya kurasa elfu kadhaa seva ya kawaida inatosha.

Lakini vekta zina upofu wake. Majina mahususi na namba huzichanganya. Kamanga, Kigongo na Kirumba, kwa modeli isiyojua Mwanza, vyote ni majina tu ya mahali fulani, na huenda ikakuletea kimoja badala ya kingine. Hapo utafutaji wa herufi unashinda bila jasho. Ndiyo maana ninashikilia kuwa vyote viwili vitumike kwa pamoja, kisha orodha zao ziunganishwe.

Kuna kanuni rahisi ya kuunganisha, na inafaa kuifanyia hesabu ili isionekane uchawi. Kila kipande kinapata alama ya 1 kugawanywa kwa jumla ya 60 na nafasi yake kwenye orodha, na alama za orodha mbili zinajumlishwa. Kipande kilichoshika nafasi ya 2 kwa herufi na ya 5 kwa vekta kinapata 1/62 na 1/65, jumla kama 0.0315. Kilichoongoza orodha moja na kukosekana kwenye nyingine kinapata 1/61, yaani 0.0164. Cha kwanza kinashinda kwa mbali, kwa sababu njia mbili tofauti zimekiunga mkono. Hakuna modeli iliyotumika hapo wala malipo ya ziada.

Ninarudi kwenye wakati, maana ndipo mifumo mingi inapolegea. Ushauri unaosikika sana ni kupendelea chapisho jipya. Ukiufuata kikamilifu utavunja vitu vingine. Ukurasa unaoeleza kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 ni wa zamani na ni sahihi, utabaki sahihi. Tangazo la wiki iliyopita kuhusu safari iliyoahirishwa hadi juzi ni jipya na limekwisha kazi. Umri si kosa. Mashine inahitaji kuambiwa kitu ambacho mwandishi anakijua siku anapoandika na ambacho tarehe ya kuchapisha haikisemi: maneno haya yanaanza kutumika lini, yanakoma lini, na yamechukua nafasi ya ukurasa gani.

WordPress inaruhusu kuongeza sehemu za ziada za kujaza, na Drupal imejengwa juu ya wazo hilo. Ongeza sehemu tatu: inaanza, inakoma, inachukua nafasi ya. Kwenye faharasa, kila kipande kibebe taarifa hizo, na kabla ya kutafuta mfumo uchuje vilivyokoma. Nasisitiza kabla ya kutafuta. Ukiiachia modeli ichague yenyewe kati ya kipande cha kivuko na cha daraja, mara nyingi itachagua vizuri, na siku itakayokosea hutakuwepo. Uchujaji huohuo ndio mahali pa ruhusa: kama mfumo wako una kurasa za wafanyakazi pekee, kipande ambacho muulizaji haruhusiwi kukiona kisiingie hata kwenye orodha ya awali.

Kazi ya kujaza sehemu hizo kwa machapisho ya zamani ni ya mtu, tena mtu anayeijua ofisi. Fundi hawezi kukuambia kama kanuni ya mwaka fulani bado inatumika. Ukiwa na kurasa mia nane, anza na zile zinazohusu bei, ratiba, masharti na mawasiliano. Hadithi na picha za hafla zinaweza kusubiri.

Jambo jingine la wakati ni letu sisi kabisa, na sijaona likitiliwa maanani inavyostahili. Ukurasa mmoja unasema meli inaondoka saa 3:00 usiku. Mwingine, ulioandaliwa kwa wageni, unasema 21:00. Ni saa ileile. Modeli iliyolelewa zaidi na Kiingereza inaweza kuichukua saa 3 usiku kama 03:00, au kumweleza mtu kuwa boti ya 08:00 inaondoka saa nane. Aliyeambiwa saa nane mchana akifika bandarini atakuta boti imeondoka saa sita nzima zilizopita. Jibu litakuwa na sarufi safi na kiungo sahihi kuelekea ukurasa sahihi, na mtu atalala Mwanza na mzigo wake wa samaki.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu ratiba, nauli na namba za simu ni mkali: visipite kabisa kwenye modeli. Viwekwe kwenye sehemu maalumu za mfumo wa maudhui, saa ikihifadhiwa kwa mtindo wa saa 24, na programu ya kawaida ifanye ubadilishaji wa kutoa au kuongeza sita kisha iandike "saa mbili asubuhi". Modeli ibaki na kazi ya kuelewa kuwa muulizaji anataka ratiba ya Nansio, na maelezo yanayozunguka ratiba. Tarakimu zenyewe zichomekwe kutoka kwenye chanzo.

Maelekezo unayoipa modeli yanaweza kuwa mafupi: jibu kwa kutumia vipande hivi tu, kama jibu halimo sema halimo, taja ukurasa ulikolipata. Yanasaidia sana, ila ni ombi, si kufuli. Weka kufuli nje yake. Kama kipande kilichoongoza kiko mbali mno na swali, modeli isiulizwe. Mtu aelekezwe dirishani au kwenye simu. Kama jibu linataja kiungo, programu ihakikishe kiungo hicho kilikuwemo miongoni mwa vipande vilivyotolewa. Na maandishi yanayotoka kwenye kurasa yachukuliwe kama habari, yasichukuliwe kama amri, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha ndani ya hati aliyoituma maneno ya kuielekeza modeli vinginevyo.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Mwombe karani wa dirishani maswali mia moja anayoulizwa kweli, na uyaache kama watu wanavyoyaandika kwenye simu: "naul ya nansio sh ngap", "meli ya bkb inaondoka sangp". Andika ukurasa unaopaswa kujibu kila moja. Kisha pima mambo mawili kwa kutenganisha: je, kipande sahihi kilikuwemo kwenye vitano vya kwanza? Na kama kilikuwemo, je, jibu lilikifuata? Ukishindwa la kwanza, kubadilisha modeli ni kutupa pesa. Rekebisha ukataji, utafutaji, au ongeza hatua ya kunyoosha tahajia ya swali kabla halijatafutwa. Usiandike maswali ya kupimia wewe mwenyewe kwa Kiswahili cha kitabuni. Mfumo utafaulu, na mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni atakapouuliza hautamwelewa.

Gharama nayo hupimwa hapo. Modeli hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na kwa kuwa vikata-maneno vingi vilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, sentensi ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Vipande vitano vilivyochaguliwa vizuri ni nafuu kuliko ishirini vilivyorundikwa, na mara nyingi jibu lake ni safi zaidi.

Maswali yenyewe yatunzwe kwa uangalifu. Watu huandika mambo mengi kwenye kisanduku: jina, namba ya simu, ugonjwa wa mtoto anayesafirishwa kwenda hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, ambako ndiko seva za modeli nyingi ziliko. Kabla swali halijatoka kwenye seva yako, ondoa kinachofanana na namba ya simu, yaani tarakimu tisa baada ya 0 au 255, na uandike wazi juu ya kisanduku kwamba watu wasiweke taarifa zao binafsi. Majina ni magumu zaidi kuyanasa, kwa hiyo weka muda mfupi wa kutunza maswali na uufuate.

Kinachobaki baada ya kusafishwa hivyo kina thamani kubwa, hasa maswali yaliyokosa jibu. Yapelekwe kwa mhariri kila wiki, yakiwa yamepangwa kwa wingi. Hapo ataona, pengine kwa mara ya kwanza, kuwa watu wanauliza mno kama pikipiki inapandishwa melini na kwa bei gani, na tovuti nzima haina sentensi hata moja kuhusu hilo. Anaandika ukurasa, anajaza tarehe ya kuanza, anachapisha, na anayeuliza baada ya hapo anajibiwa.